Kibati Hakijitundiki

Kambi ya Wachimbaji, Welkom
21 Juni 1981

Dada yangu Nthatisi,

Nakusalimu wewe, na baba, na wote wanaoota moto jikoni kwetu. Mimi ni mzima. Baridi ya huku haina theluji kama ya milimani, lakini upepo unatuletea vumbi la mgodi mpaka kwenye uji. Farasi wa baba bado anachechemea? Mwambie baba dawa yake ya macho nimeipata, nitaituma kwa mkono wa mtu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Kusikia kwamba watu wa kwenu wamekuchimbia kaburi si jambo dogo. Najua telegramu ya kwanza, kwamba nimekufa, ilifika kwenu Jumatatu na ya pili, kwamba ni mzima, Ijumaa, na katikati mlilia. Nisameheni kwa machozi hayo.

Ilikuwa hivi. Alhamisi ile ya Kupaa, tarehe 28 Mei, kanisa letu la kambini lilikuwa na mkutano wa siku nne mjini, chini ya hema, juu ya neno moja tu: kusudi la maisha. Ijumaa na Jumamosi nilikuwa na ruhusa. Alhamisi nilinyimwa. Moyo ukaniambia nenda, nikaenda. Siku hiyohiyo mwamba ukaanguka kwenye njia yetu ya chini na kuwafunika wenzangu wote wa zamu. Haikupatikana hata maiti moja. Njia imezibwa kwa zege.

Mwinjilisti Khasu alinisimamisha jukwaani Jumapili iliyofuata. Akasema, "Mtazameni mtu huyu! Alichagua hema badala ya shimo, na Mungu akamchagua yeye!" Watu walilia, dada. Mimi niliyekuwa mtu wa kuchimba na kulala nimejua sasa kwa nini nilizaliwa. Siku ya Krismasi watanivika joho la mwinjilisti.

Kuna jambo moja dogo wanalotaka. Barua kutoka kwa mzee wa kanisa lililonilea, yaani baba, iseme kwamba mimi ni mwaminifu na sina neno na mtu. Andika wewe, yeye aweke saini. Usichelewe.

Mimi ndugu yako,
Tšeliso


Ha Sekoati
12 Julai 1981

Mdogo wangu Tšeliso,

Barua yako imefika na imesomwa mara mbili, mara ya pili kwa sauti kwa sababu baba alitaka kusikia tena pale palipoandikwa "ni mzima". Theluji imeua kondoo wawili. Farasi anachechemea, na baba naye anachechemea ili asimwache peke yake. Nywele zangu zimeanza kuota, maana nilinyoa kwa ajili yako Jumatatu ile, na sasa kichwa kinawasha kama nina upele. Hilo deni utanilipa kwa kitambaa kizuri.

Furaha yetu usiulize. Telegramu ya pili ilipofika, baba alitoka nje bila blanketi akaimba kwenye baridi. Mimi nilikaa chini tu. Lile kaburi tulilifukia Jumamosi yake. Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, unajua mwenyewe, kwa hiyo baba aliweka kitu ndani akafukia. Ni kitu gani, hayo ni yetu.

Sasa nikuulize. Mohapi yuko wapi?

Mamosa mkewe huja kwangu Jumanne nimwandikie. Tangu Mei tumeandika barua tano, hakuna jibu. Mohapi hakuwahi kukaa mwezi bila kumwandikia, hata kama ni kuuliza kuhusu mbwa tu. Mnalala chumba kimoja, vitanda vinatazamana. Barua yako ina kurasa tatu, na humo ndani yumo Khasu, limo hema, limo joho. Jina la Mohapi halimo.

Na lingine. Kampuni ilijuaje kutuambia umekufa? Mzee Ramoeletsi aliyeachia mguu wake mgodini anasema kila mtu ana kibati chake chenye namba. Akishuka anakitoa chumba cha taa, kinatundikwa ubaoni mpaka apande. Waliokufa huhesabiwa kwa vibati. Basi chako kilikuwa ubaoni. Wewe ulikuwa hemani. Kibati hakijitundiki.

Usinione mchokozi. Nimewasomea wake za wachimbaji barua kwa miaka tisa, na barua ya mwanamume anayeficha jambo naijua: huanza na Mungu. Ya baba nitaandika nikishajibiwa.

Dada yako,
Nthatisi


Welkom
30 Agosti 1981

Kwa dada Nthatisi,

Salamu katika jina la Bwana. Nimepokea yako na nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi na maombi. Siku hizi nahubiri kambi tatu. Wiki iliyopita waliokoka watu kumi na saba, mmoja wao alikuwa akipika pombe nyuma ya kantini. Poleni kwa kondoo.

Dada, Mungu hutenda mambo ambayo akili haiwezi kuyapima. Yusufu alitupwa shimoni, Yona akamezwa na samaki, na wote walikuwa na kusudi. Sasa wewe unauliza habari za vibati! Ni hivi: Jumatano nilipopanda nilisahau kuchukua kibati changu ubaoni. Kikabaki. Alhamisi wakakihesabu. Nilipotokea ofisini Jumatatu, bosi alifurahi hata hakunipa adhabu ya kutoroka zamu. Wakasema basi waliokufa ni kumi na mmoja, siyo kumi na wawili. Ndiyo hadithi yote.

Kuhusu Mohapi, sijui nikuambie nini. Siku ile ilikuwa ya mapumziko yake. Niliporudi sikumkuta. Ofisi ilingoja siku saba ikaandika kwamba ametoroka kazi. Wanasema wengi hukimbilia Johannesburg kwa wanawake. Mimi sisemi hivyo, nasema wanavyosema wao. Tumwombee tu.

Sekete, tunayechimba naye huku, anakuja nyumbani kabla ya msimu wa kulima. Nimempa dawa ya macho ya baba na blanketi moja kuukuu kwa ajili ya maskini. Wapeni wale wa bondeni, siyo mtu wa hapo kijijini. Wa bondeni wana shida zaidi.

Je, baba ameshaweka saini? Khasu ananiuliza kila Jumapili. Na mliweka nini kaburini? Nauliza tu. Nikilala nakiona kile kichuguu cha udongo na mtu amelala ndani yake.

Tšeliso


Ha Sekoati
20 Septemba 1981

Mdogo wangu,

Mipichi imechanua na upepo umeshaipukutisha nusu. Baba hajambo. Sekete hajafika, wanasema yuko kwa wakwe zake anakula kondoo wao. Dawa tunaingoja.

Mzee Ramoeletsi nilimkuta anamenya mahindi mlangoni kwake. Nikamwambia, "Mzee, mtu akisahau kibati ubaoni jioni, inakuwaje?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Asahau! Mama, zamu ikiisha kibati kimoja kikabaki ubaoni, mgodi mzima haulali. Wanamtafuta huyo mtu mpaka apatikane, hata kama ni kipande. Mimi mguu wangu ulipatikana hivyo. Nani kakwambia mambo ya kusahau?"

Nikamwambia ni mtu mmoja tu.

"Huyo mtu mmoja tu," akasema, "mwambie akadanganye wakulima."

Basi nakwambia. Ungekisahau Jumatano, wangekutafuta Jumatano. Kilitundikwa Alhamisi, na mtu, na huyo mtu akapewa taa akashuka. Njia ya mwongo ni fupi, Tšeliso, nawe umeshafika mwisho wake unapigapiga mguu palepale.

Mamosa hali yake si nzuri. Mama mkwe wake ameshasema kisimani, mbele ya wanawake wote, "Mke mwema hakimbiwi." Mohapi sasa wanamwita lekholoa, mtu aliyemezwa na miji akasahau kwao. Wanataka Mamosa arudi kwa wazazi wake na mtoto wao abaki. Hawezi kuvaa nguo ya msiba kwa sababu hakuna aliyekufa, na hawezi kuvaa nguo nzuri kwa sababu watu watasema ndiyo maana alikimbiwa. Wiki iliyopita alikuja kwangu akakaa, karatasi ipo, kalamu ipo. Akasema tu, "Muulize kama nilimkosea." Nikaandika hivyo.

Barua hizo zinafika chumba chenu. Anayezipokea ni nani?

Baba hajaweka saini. Kalamu sijampa.

Nthatisi


Welkom
4 Oktoba 1981

Nthatisi,

Mimi mzima. Msalimu baba.

Tangu lini umekuwa polisi? Nilidhani nina dada, kumbe nina karani wa mahakama anayezunguka kwa vilema kutafuta ushahidi dhidi ya ndugu wa tumbo moja na yeye. Mungu ameniinua kutoka mavumbini na wewe unanivuta miguu.

Nitasema, kwa kuwa umenilazimisha. Wewe ulitaka kuwa mwalimu, hukuwa. Ulitaka kuolewa na yule wa misheni, akaondoka. Umebaki unasoma barua za watu. Aliyekosa kusudi lake hapendi kuona la mwenzake. Nimekusamehe.

Mpe baba kalamu. Usipompa, nitamwandikia mwenyewe kupitia kwa mchungaji wa misheni.

T.


Ha Sekoati
18 Oktoba 1981

Tšeliso,

Baba anakusalimu. Dawa ya macho imefika, anaitia asubuhi na jioni na kudai anaona mpaka Durban. Mvua ya kwanza imenyesha, tumepanda.

Uliyoyasema juu yangu yameniuma, na sitajifanya hayakuniuma. Nililia nikiwa nakanda unga na unga ukaharibika. Lakini sikia. Hilo la kusoma barua za watu sikuliota wala hakuna aliyenitangazia jukwaani. Mwanamke mmoja alikuja na bahasha, hajui kusoma, nikamsomea. Kesho yake akaja mwingine. Kama hilo siyo kusudi, basi ndilo nililopewa, na kwa miaka tisa sijawahi kumsomea mtu neno ambalo halikuandikwa.

Sekete ameleta na blanketi.

Nililikunjua juani nilipige vumbi. Kwenye pembe kuna tundu la cheche limeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono saba, wa nane umepinda. Umepinda kwa sababu Mamosa alicheka wakati anashona. Nilikuwepo. Mohapi alikuwa amejikunyata mlangoni bila blanketi akipiga kelele, "Fanya haraka, wewe mwanamke, watu watadhani mimi ni Mzungu!"

Mwanamume wa kwetu anaweza kumkimbia mkewe. Anaweza kukimbia kazi, kukimbia deni, hata kumkimbia Mungu. Hakimbii akaacha blanketi lake la kuvaa. Hakuna Msotho aliyezaliwa anayefanya hivyo, na wewe unajua, ndiyo maana ulisema lipelekwe bondeni. Kikulacho ki nguoni mwako, na umekituma kwangu kwa mkono wa Sekete.

Sijamwambia Mamosa. Nimelificha chini ya godoro langu. Jumanne alikuja, akakaa juu ya kitanda hichohicho, tukaandika barua ya saba kwa mtu ambaye mimi najua hawezi kusoma tena. Umenifanya na mimi mwongo. Nakuomba unitoe humo.

Baba ameanza kusoma Mwanzo jioni kabla ya kula. Jana alifika pale Kaini anapoulizwa, "Yuko wapi ndugu yako?" Akafunga kitabu. Hakunitazama. Tukala.

Nthatisi


Welkom
29 Novemba 1981

Dada yangu,

Nakusalimu. Nimeandika barua hii mara nne nikachana mara tatu, kwa hiyo usitazame mwandiko.

Jumatano ile, siku moja kabla ya Kupaa, bosi alinikatalia ruhusa ya Alhamisi. Nilirudi chumbani nimenuna. Mohapi alikuwa kitandani kwake anapaka viatu rangi, maana kesho yake ilikuwa ya mapumziko na alitaka kwenda kutazama mpira. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia.

Akacheka. "Yaani wewe unataka kwenda kulia kwenye hema siku nne?"

Nikamwambia, "Nataka kujua nilizaliwa kwa ajili ya nini."

Akasema, "Mimi najua. Ulizaliwa kunimalizia sabuni." Halafu akanyoosha mkono. "Lete kibati. Nani anatazama sura asubuhi? Wanatazama namba. Nenda kaombe. Na huko uniombee na mimi."

Nikampa. Kubadilishana vibati ni kufukuzwa kazi, sote wawili tulijua. Blanketi lake aliliacha limekunjwa kitandani kwa sababu shimoni kuna joto.

Jumatatu niliporudi walinishangilia langoni kama mtu aliyetoka kaburini. Bosi akaniuliza, kibati chako? Mdomo wangu ukasema nilikisahau. Wala sikukisahau: Jumatano nilikichukua nilipopanda, kama kila siku. Bosi alitaka kuamini, dada. Kila mtu alitaka kuamini. Nikasema moyoni, nitasema ukweli kesho. Kesho yake Khasu akaja na habari za kusudi, na ikawa vizuri kuamini kwamba Mungu ndiye aliyepanga. Kwa sababu kama Mungu hakupanga, basi ni mimi.

Barua za Mamosa ziko kwenye sanduku langu, zote. Sijazifungua ila moja. Ile inayouliza kama alimkosea.

Sasa umejua. Nakuomba jambo moja tu. Usimsomee Mamosa barua hii. Krismasi imebaki wiki nne. Niache nivikwe kwanza, nikiwa na joho watu watanisikiliza, nitaweza kumsaidia zaidi, yeye na mtoto. Januari nitakuja mwenyewe nimwambie kwa mdomo wangu. Nakuapia. Nisemee kwa baba.

Tšeliso


Ha Sekoati
6 Desemba 1981

Tšeliso,

Sote wazima. Mahindi yamefika magotini.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilimwita Mamosa, nikamkalisha mezani, nikaweka blanketi mbele yake. Aligusa ule mshono wa nane uliopinda. Halafu nikamsomea. Nilimsomea yote, neno kwa neno, hata pale unaponiomba nisimsomee. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Pale Mohapi aliposema habari ya sabuni alicheka, Tšeliso. Alicheka kabisa, mkono mdomoni. Pale pa kibati akaniambia nirudie. Nikarudia. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Kwa hiyo hakunikimbia?"

Nikasema, "Hakukukimbia."

"Yuko chini."

"Yuko chini."

Ndipo akalia. Alilia vizuri, dada yako nakwambia, kilio cha mtu aliyenyimwa kulia miezi sita. Mchana tulikwenda pamoja kwa mama mkwe wake, nikasoma tena. Yule mama alikaa chini palepale uani na hakusema neno lolote kuhusu wake wema. Jana jioni wamemnyoa Mamosa nywele na kumvika nguo nyeusi. Watu wamesimama kumpisha njiani.

Baba aliisikia barua akiwa amesimama. Akaomba kalamu. Nilidhani anataka kukuandikia. Akaandika jina la Mohapi kwenye kitabu cha wafu cha kanisa, mwenyewe, kwa yale macho yake, akachukua muda mrefu. Kuhusu joho lako alisema hivi: "Andika kwamba mwanangu ana neno na mtu. Akishalimaliza nitaweka saini." Kwa hiyo hiyo ndiyo barua yake ya ushuhuda, mpe Khasu akitaka.

Uliuliza tuliweka nini kaburini. Shina la mkonge, baba alilivisha shati lako la shule. Mamosa anaomba kaburi hilo. Mwili hatutaupata, lakini blanketi lake tunalo, na mkonge hauna haja ya kulala pale. Kufukua si kazi ya wanawake wala ya baba. Aliyechimbiwa ndiye atakayefukua.

Ana swali moja kwako, amenituma nikuulize kama alivyolisema: "Mohapi alisema, 'Uniombee na mimi.' Ulimwombea?"

Mjibu yeye. Nitamsomea.

Nthatisi


Welkom
20 Desemba 1981

Dada Nthatisi,

Salamu kwako na kwa baba. Barua hii anaileta Sekete, anaondoka leo. Mimi nitafika Alhamisi kwa basi la mchana. Wekeni jembe na sururu mlangoni.

Jumatatu nilikwenda ofisini nikasema walikuwa kumi na wawili. Karani aliniuliza kama nina akili timamu. Nikamtajia jina la Mohapi, la mkewe, la kijiji. Wakaniandikisha kurasa nne nikaweka kidole na saini. Jina lake sasa limeingia kwenye orodha ya waliokufa, nimeliona kwa macho yangu, la kumi na mbili. Kibati changu wamekichukua. Nimepewa siku kumi za kuondoka kambini.

Kwa Khasu nilikwenda nikiwa na barua yako. Aliisoma. Akasema, "Ndugu, haya tungeyamaliza kimya kimya, baina yetu na Bwana." Nikamwambia baina yetu na Bwana kuna mtu amelala chini ya zege. Joho wamempa mwingine. Nitakuwa mwongo nikisema sikuona wivu.

Ulisema siku moja kwamba mwanamke alikuletea bahasha ukamsomea, na hilo likawa kusudi lako. Nisamehe kwa yale niliyokuandikia Oktoba. Mimi nililitafuta mbali, na Jumatano ile lilikuwa limekaa mbele yangu kitandani linapaka viatu rangi, linataka tu kwenda kutazama mpira.

Barua saba za Mamosa nimezifunga kwa kamba, ninazo begani.

Swali lake nimeliacha mwisho kwa sababu nimekaa nalo wiki nzima na kalamu mkononi. Msomee jibu polepole, usiruke.

Mamosa, hapana. Sikumwombea. Siku nne chini ya hema niliomba asubuhi, mchana na jioni, nikafunga kula, nikalala kifudifudi kwenye majani, na kila sala ilikuwa ya kwangu. Bwana, nionyeshe kusudi langu. Bwana, nitumie mimi. Jina lake halikunijia hata mara moja. Mara ya kwanza nilipotaja jina la Mohapi mbele za Mungu, alikuwa amekufa siku nne.

Nakuambia kabla sijafika, ili ukitaka kunifungia mlango uwe umeshajua ni nani anayebisha.

Tšeliso